Siku ya Msiba, Shilingi Ilipanda

Siku mama yangu alipofariki, shilingi ilipanda.

Sisemi hivyo kwa uchungu. Uchungu sinao. Waliutoa miaka kumi na moja iliyopita, Dodoma, wakaweka mahali pake punje ndogo, saizi ya mchele, nyuma ya sikio langu la kushoto. Nasema tu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Saa nne asubuhi mdogo wangu Maritha alinipigia simu kutoka Ifunda. "Dada, mama hatunaye," akasema. Nikamjibu, "Sawa. Tunazika lini?" Nikamsikia anavuta kamasi, halafu akakata.

Wakati huohuo wafanyabiashara wa Beira, Durban na Kolombo walikuwa wameketi mbele ya vioo vyao wakitazama mstari wangu. Punje huutuma mstari huo hewani kutwa kucha: woga, huruma, hasira, vyote katika mstari mmoja ambao mtu yeyote duniani anaweza kuuona pembeni ya bei ya shilingi. Habari za msiba ziliwafikia kabla sijamaliza chai. Wakangoja mstari utikisike. Wapi! Ulilala palepale, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kufikia adhuhuri shilingi ilikuwa juu katika masoko yote.

Mimi nilikuwa getini, nafanya kazi. Mbele yangu alisimama Dona Felismina, mama wa biashara kutoka Lichinga, Msumbiji, na malori yake sita. Alikuwa amewauzia Wahindi mbaazi. Wahindi walimlipa kwa shilingi yetu, na yeye akaileta kwangu achukue mahindi. Mbaazi hazikupita kwetu hata gunia moja, mnunuzi si wetu, muuzaji si wetu, ila fedha ilikuwa yetu.

"Pole sana, dada Bernadeta," akasema. "Si ungepumzika leo?"

"Weka kidole hapa, mama."

Akaweka chake kwenye kibao, nami nikaweka changu. Mlango wa bomba la kwanza ukafunguka, mahindi yakaanza kumwagika kwenye lori. Alinitazama muda mrefu, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kusimamia mzigo wake.

Naitwa Bernadeta Kalinga, Mlinzi wa Ghala Kuu la Makambako. Tuko walinzi watano nchi nzima, kila mmoja na ghala lake, mwingine ana shaba, mwingine ana korosho. Mimi nina mahindi. Wakati wa utoto wangu shilingi ilikuwa ya kununulia nyanya na vocha. Ukivuka nayo mpaka watu wanakucheka. Mgeni alikuwa anajiuliza, nikishaipokea nitaifanyia nini? Swali la fedha ni hilo tu, mengine madoido. Ndipo ikawekwa Nadhiri: aliye nje ya nchi akiwa na shilingi, aje ghalani achukue mali, hatumuulizi jina wala kabila. Na ili serikali isije ikachapa noti za kujigawia, likaongezwa sharti moja. Mwenyeji haruhusiwi. Raia wa nchi hii hapati ghalani hata kisado.

Wageni bado walikataa kuamini. Walisema, ahadi yoyote ya serikali ina mtu nyuma yake, na kila mtu ana mama. Siku mama akilia, mlango utafunguliwa. Basi Baraza la Nadhiri likatengeneza punje. Waliponiita nilikubali bila kubembelezwa. Kaka yangu Anjelo alikufa na miaka tisa kwa kukosa insulini. Pesa zilikuwepo, baba aliuza ng'ombe wote watatu. Ila wenye dawa huko nje walikuwa hawataki shilingi, na dola zilikuwa zimeadimika hata kwa wakubwa. Leo insulini inatoka Hyderabad kwa shilingi, inafika mpaka zahanati ya Ifunda. Editha, binti wa Maritha, anachomwa kila asubuhi na kila jioni, na anakwenda shule akirukaruka.

Hayo niliyapima nikiwa bado na hisia. Nilisema ndiyo nikilia.

*

Tulimzika mama siku ya tatu, saa tisa alasiri. Nilisimama na kanga yangu kiunoni, watu wananipa pole kwa mbali kidogo, kama wanavyosalimia mtu mwenye ndui. Siwalaumu. Yeyote anayeniomba nifungue ghala, punje inamsikia na polisi wanamfuata, hata awe shangazi yangu. Watu wameona bora wasiniombe hata chumvi.

Kundi moja tu sheria haiwagusi: watani. Mwaka wa kwanza wa Nadhiri punje ya mlinzi mmoja ilikamatisha watani ishirini na saba katika msiba mmoja kule Kilolo, kwa kuwa walidai wapewe ng'ombe, gari la marehemu na ghala zima la serikali. Polisi walikesha wanaandika maelezo huku wanacheka. Baraza likachoka, likaandika kifungu: maneno ya utani si ombi. Punje ikafundishwa kuyatambua na kuyaacha yapite.

Sisi Wahehe watani wetu ni Wangoni. Na jeneza lilipofika kaburini, Mngoni alikuwa amekwisha kulala ndani.

"Nani huyo?" padre akauliza.

"Ni mzee Fulgensi Gama, baba," Maritha akajibu. "Mtani wetu wa Namtumbo."

Mzee Fulgensi alikuwa mwalimu zamani. Alimzika bibi yangu, akamzika baba yangu, na safari zote mbili alitusumbua vilevile. Alikuwa amejinyoosha chali, mikono kifuani, kofia usoni. Nikaona amekonda sana.

"Toka huko, mzee," wajomba wakamwambia. "Unamchafulia mama nyumba."

"Sitoki. Nyumba ina ubaridi mzuri. Wahehe leo mmechimba kwa bidii, ama mlidhani mnazika mbwa, mje mmfukue jioni mumtie chunguni?"

Watu wakaangua kicheko. Hata padre aligeuka upande. "Ninyi Wangoni mmetembea kutoka kusini ya Afrika mpaka hapa," mjomba akamjibu, "na njia nzima hamkujifunza kupanda hata bua moja la mahindi!"

"Hapo umesema," Fulgensi akadakia kutoka chini. "Ndiyo fidia ninayotaka. Mahindi."

Wakamtupia kuku. Akamrudisha. Wakamtupia kitenge, akakirudisha pia. Kawaida mtani hugoma kidogo, akapewa kitu, akatoka. Huyu akaondoa kofia usoni akanitazama mimi.

"Mtani, nataka malori mia mbili. Kwetu mvua imeturuka misimu miwili. Ming'oko, vile viazi vya mwituni, tumechimba mpaka imekwisha porini. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamsumbiji, wanasonga ugali wa Makambako, moshi wao tunauona. Tunavuka kwenda kuomba ukoko. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako wewe mgeni anakuja anashiba, mwenyeji anazikwa. Wajukuu zangu wawili nimewaacha nyumbani hawawezi kusimama. Nipe mahindi, nikupe kaburi la mama yako."

Kicheko kilikatika. Watu walinitazama sikioni, wakingoja punje ilie. Haikulia. Kaburini, mtani, kicheko, fidia: kwa hesabu zake huo ulikuwa utani mtupu.

Niliangalia waliobeba jeneza. Mzigo ulikuwa unawaelemea. Kumtoa mzee kwa nguvu ni mwiko, na kuzika bila yeye kutoka haiwezekani.

"Nimekubali," nikasema. "Toka."

"Umesema mbele ya mama yako?"

"Nimesema mbele ya mama."

Alinyoosha mkono, wakamvuta. Akajikung'uta udongo, akachukua jembe, akafukia kuliko vijana. Mwisho akakaa chini pembeni ya msalaba akalia, kwa sauti, akimtaja mama kwa jina. Mimi nilisimama. Nilijua kwamba pale ndipo mtu hulia. Huzuni naikumbuka kama ninavyokumbuka namba ya simu ya zamani, naweza kukutajia, ila ukipiga hapokei mtu.

*

Siku ya tisa baada ya mazishi Maritha alipiga tena. "Dada, unajua kuna watu njiani? Wametoka Namtumbo. Wengine wamepanda malori ya mkaa, wengine kutoka Songea wanakuja kwa miguu. Wanasema wewe umeahidi. Wamebeba magunia matupu."

"Wangapi?"

"Hata sijui. Njombe wamelala uwanja wa mpira mzima."

Kesho yake Katibu wa Baraza, Bwana Shekalaghe, alishuka Makambako kwa helikopta. Ni mtu mpole, ana hisia zake zote, na nadhani usiku ule hakulala. Alikuja kwa sababu siku tatu mbele Umoja wa Bandari ungefika kukagua ghala langu. Bandari ishirini na tatu, kutoka Maputo hadi Chittagong. Wakiridhika, kila mzigo utakaopita kwao utapangiwa bei kwa shilingi, na kwa muda wa miaka hamsini.

"Ulimwahidi yule mzee?" akaniuliza.

"Nilisema nimekubali."

"Kwa utani."

"Kaburini."

"Basi, mama, ndiyo utani huo huo! Punje yenyewe imeandika utani, nimesoma." Alifuta jasho, na Makambako kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. "Wakifika, waambie ulikuwa unatania. Kifungu kinakulinda."

"Na nikifungua?"

"Ukifungua, umefungua. Kidole ni chako, hakuna anayeweza kukuzuia, hata Rais. Ndiyo maana wanatuamini. Ila wewe unajua meli za dawa zinalipwa na nini."

Nilijua. Watu wenye hisia hudhani asiyehisi huamua upesi. Si kweli hata kidogo. Kwao hisia ndiyo inayomaliza ubishi. Moyo unauma upande mmoja, mtu anafuata huko. Mimi hapakuuma popote. Nilipanga upande huu wajukuu wa Fulgensi wasioweza kusimama na nyumba zote za ukanda wa mto, watu wanaokufa mwezi huu. Upande ule nikapanga kina Anjelo, ambao hawajaugua bado, hawana majina, watakufa mwaka kesho na mwaka wa mbele, siku wenye dawa watakaposema shilingi hatuitaki. Nilizungusha mawazo hayo nikila, nikioga, nikipima unyevu wa mahindi. Yalibaki yamelingana.

Nikampigia Maritha. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi, dada," akasema. "Editha ameshachomwa sindano yake ya asubuhi."

Jambo moja halikuniacha, na nilimweleza Katibu kabla hajaondoka. Nilimwambia sijui kama nilitania. Nilipotamka "nimekubali" sikuwa nacheka, sikuwa nadanganya, na sikuwa na nia ya kutimiza. Nilitaka mzee atoke. Mtu mwenye hisia zake akisema vile, uso wake na moyo wake ndivyo vinavyoonyesha kama ni utani au ni neno. Mimi sina cha kuonyesha. Bwana Shekalaghe aliniambia nisijichoshe na falsafa.

*

Siku ya ukaguzi upepo wa Makambako ulivuma tangu alfajiri. Wageni walifika saa tatu, watu kumi na wawili, wakiongozwa na Bi Padmini Kurup wa bandari ya Kochi. Alinisalimia kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha kitabu; siku hizi mikataba yote huandikwa kwa lugha yetu, na mwenye kutaka biashara hujifunza. Kabla ya kugusa ghala alitazama kwanza kioo chake kilichokuwa na mstari wangu, kisha akanitazama mimi, kisha kioo tena.

Nje ya geti walikuwa wamesimama watu wa Namtumbo. Walinzi walisema elfu mbili na ushee. Hawakupiga kelele. Nilitegemea vurugu, maana mwenye njaa hana miiko, lakini walikuwa wamevaa nguo zao za Jumapili na kila mmoja alikuwa na gunia tupu, limekunjwa vizuri kwapani. Wanawake walikuwa wamekaa chini upande wa jua. Mbele yao mzee Fulgensi, ameshika jogoo mmoja.

"Hawa ni nani?" Bi Padmini akauliza.

"Ni wenyeji," nikamjibu.

Nikatoka getini. Katibu Shekalaghe alibaki ndani na wageni, mikono nyuma. Fulgensi aliponiona uso ulimchanua, akawageukia wenzake, "Si niliwaambia? Mhehe huyu hata akizaliwa na jiwe tumboni, neno lake ni neno!" Halafu kwangu, "Mtani, hatukuja mikono mitupu. Huyu jogoo ndiye wa mwisho kijijini. Tulimficha watoto wasimwone. Ni wa kwako, kwa ajili ya matanga ya mama."

Kidole changu kilikuwa mfukoni. Hatua kumi nyuma yangu palikuwa na kibao cha kufungulia, na milango kumi na minne ya mahindi. Nilifikiri kwa mara ya mwisho. Bado yalilingana. Yanapolingana hivyo, nilifundishwa, shika Nadhiri.

"Mzee Fulgensi," nikasema kwa sauti ya kusikika, "yale ya kaburini yalikuwa utani."

Upepo ulipita. Nikaona neno linasafiri nyuma, mtu akimnong'oneza mtu, mpaka kwa wanawake waliokaa. Mama mmoja alisimama, akakaa tena.

Kisha Fulgensi akacheka.

Ndiyo desturi. Mtani akikupiga, unacheka. Ukikasirika umeuvunja utani wa mababu, na aibu ni yako. Alicheka kwanza peke yake, kavu, kama mtu anakohoa. Wakamfuata wazee wenziwe, halafu vijana, halafu wanawake, hadi umati wote ukawa unacheka, watu elfu mbili, magunia yakitikisika kwapani. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika uzio asianguke. "Aisee, Mhehe katuweza!" mtu akapaza sauti. "Katutembeza mpaka Makambako!" Kicheko kikapanda tena. Kiliendelea kuliko kawaida, kwa sababu hakuna aliyejua kitakapokwisha waende wapi.

Bi Padmini alikuwa amesogea hadi getini. "Kwa nini wanacheka?"

"Nimewanyima chakula," nikamwambia.

Aliuangalia mstari kwenye kioo chake. Ulikuwa umelala. "Tulikuwa na wasiwasi," akasema polepole. "Tulisema, kumpa mgeni si jambo kubwa. Je, atawanyima wake? Ripoti yetu ilikosa hicho tu." Hakunitazama tena. Aliingia ndani, na kwa dirisha nikawaona wanakaa mezani, na Katibu Shekalaghe anagawa kalamu. Saini za bandari zote ishirini na tatu zilitiwa pale, wengine wakisaini kwa niaba ya wasiokuwepo. Kabla ya saa sita bandari ya Maputo ilikuwa imeanza kutoza kwa shilingi.

Nje watu walikuwa wameacha kucheka. Waliomba maji. Maji hayamo kwenye Nadhiri, nikaagiza bomba la zimamoto lifunguliwe. Walikunywa kwa zamu, wazee kwanza, bila kusukumana. Wengine walijaza hata magunia yao yaliyokuwa na mfuko wa plastiki ndani, wakayafunga mdomo kwa kamba, wakajitwisha.

Fulgensi alikunywa wa mwisho. Alipomaliza alinijia na yule jogoo.

"Siruhusiwi kupokea zawadi," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Akamrudisha jogoo kwapani. Nilidhani atanitania, nikajiweka tayari, maana hata mimi desturi naijua: na mimi ningepaswa kujibu. Fulgensi Gama ana miaka sabini na moja. Mimi nina arobaini na tatu. Tangu niote meno hajawahi kuniita kwa jina langu bila kunitukana kwanza.

Alivua kofia. Akainamisha kichwa kidogo mbele ya watu wake wote, kama mtu aliyeingia ofisi asiyoizoea.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

Watu wa karibu wakatazama chini. Yeye alibaki ameinama, anangoja.

"Marahaba," nikamjibu.